Chumvi ambayo ulimi hauioni

Chukua ndoo ya lita 20, ileile ya kutekea maji. Jaza maji ya mvua. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, cha kusawazisha kwa kidole, si cha kulundika. Koroga mpaka usione hata punje, kisha chota kikombe uonje.

Nilifanya hivyo uani kwetu, Mwanga, Kigoma mjini, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Mimi mwenyewe sikuonja kitu. Mke wangu akasema ni maji. Kijana wa jirani aliyekuja kuchaji simu akasema yana ladha ya plastiki, ambayo ni kweli, ndoo ile ilikuwa mpya. Bibi mmoja wa mtaani, fundi wa kupika kwenye shughuli kwa miaka mingi na mtu ambaye mchuzi wake hauonjwi mara mbili, alishika kikombe muda mrefu kuliko wote. Akanirudishia: “Baba, unatuchezea. Haya si maji tu?”

Ni maji tu, kwa ulimi. Kijiko kile kina gramu 5 hivi za chumvi, na katika gramu 5 za chumvi ya mezani mna gramu 3 za kloraidi, moja ya vitu viwili vinavyounda chumvi hiyo (kingine ni sodiamu). Zigawanye kwenye lita 20, unapata kama miligramu 150 kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani linasema ulimi wa mtu huanza kuhisi chumvi kloraidi inapokaribia miligramu 250 kwa lita, na ukomo wa 250 unaotajwa sana kwenye maji ya kunywa umetokana na ladha, wala si na ugonjwa. Kwa hiyo bibi yule hakukosea. Ndoo ilikuwa bado mbali na mpaka wa ulimi.

Sasa weka kome kwenye ndoo hiyo. Afadhali usimweke kome mzima. Weka watoto wake, wale wadogo kama chembe ya unga ambao mama amewatema majini leo asubuhi. Mwaka 2011 mtafiti wa Kanada, Patricia Gillis, alichapisha vipimo vya aina hiyo. Kwa spishi moja iliyo hatarini kule, Lampsilis fasciola, miligramu 113 za kloraidi kwa lita zilitosha kuwalemaza nusu ya viluwiluwi ndani ya saa 24. Ndoo yangu ilikuwa na zaidi ya hapo, na sisi wanne tulikunywa na kuendelea na mazungumzo.

Ninachotaka kusema leo kinatoka kwenye ndoo hiyo. Hapa kwetu mto hupimwa kwa ulimi. Maji yakinyweka tunasema mto mzima, yakianza kuwa na munyu tunasema umeharibika. Kipimo hicho kinamfaa mtu, na mtu anaweza kuhamia kisima kingine. Kwa viumbe walio chini ya mto kinachelewa mno, na wa kwanza kati yao ni kome.

Nieleze kwanza nasema nani, maana jina hili lina mgogoro. Wa pwani wakisikia “kome” wanaona chungu kinachemka. Wengine huku ziwani humwita kombe, wengine chaza, na watoto wa Katonga, ufukweni hapa Kigoma, hawamwiti chochote, wanasema magamba tu. Namsema yule mnyama wa maji baridi mwenye magamba mawili yaliyoshikana kwa bawaba mgongoni, anayejifukia nusu kwenye mchanga au tope na kuacha midomo miwili midogo wazi: mmoja wa kuingiza maji, mmoja wa kuyatoa. Bibi yangu alikuwa na gamba la kome jikoni la kukwangulia ukoko wa ugali. Lilikuwa limelika upande mmoja hadi likawa na makali ya wembe, na ndani lilikuwa na rangi ya mbalamwezi. Nilikuwa nimeshamaliza shule ndipo nikajua kwamba lile gamba liliwahi kuwa na mwenyewe.

Mwenyewe huyo haendi popote. Samaki maji yakimchukiza huogelea, na kaa hutambaa. Kome hujikokota hatua chache kwa mguu wake mmoja wa nyama, basi. Anapoishi ndipo atakapofia, na anaweza kuishi miaka makumi kadhaa. Jamaa zake wa mito ya baridi ya Ulaya hupita miaka 100. Muda wote huo anachuja. Kome mmoja mkubwa anaweza kupitisha makumi ya lita za maji kwa siku mwilini mwake, akibakiza chembe za chakula. Chochote kinachopita mtoni, kinapita ndani yake.

Tatizo lake na chumvi liko kwenye damu. Wanyama wengi wanaoishi maji baridi wana damu yenye chumvi kuliko maji yanayowazunguka. Sisi binadamu tunao ukolezi wa karibu theluthi moja ya ule wa bahari. Kome wa maji baridi ana kama sehemu moja ya 20 ya bahari, mara sita chini ya damu yako wewe msomaji. Ni katika damu nyepesi kabisa zinazojulikana kwa wanyama. Maji hayachoki kumwingia kupitia ngozi yake laini, naye hachoki kuyatoa kwa figo, mkojo mwingi usio na chumvi. Wakati huohuo matamvua yake yanafanya kazi ya mwokota punje: yanaikamata sodiamu moja moja na kloraidi moja moja kutoka kwenye maji maskini na kuziingiza ndani, kwa gharama ya nguvu. Mwili wote umejengwa kwa ajili ya uhaba. Ni kama mama anayejua kuendesha nyumba kwa elfu mbili kwa siku. Umahiri wake wote ni wa kubana.

Ukimletea utajiri ghafla, mashine inageuka. Chumvi ya nje ikiizidi ya ndani, maji yanaanza kumtoka badala ya kumwingia, na chumvi zinapenya bila kukaribishwa. Hana namna ya kuzirudisha haraka. Anachoweza ni kufunga. Hubana magamba, huacha kula, huacha kuvuta hewa, na kuishi kwa akiba, huku asidi inayozalishwa mwilini ikizimuliwa kwa chokaa ya gamba lake mwenyewe. Yaani anakula nyumba yake. Anaweza kuvumilia hivyo siku kadhaa. Ndiyo maana bonge la maji ya chumvi linalopita mchana mmoja huenda lisimuue kome mzima, lakini chumvi kidogo isiyokoma humchosha: akifungua anaumia, akifunga ana njaa.

Watoto hawana hata hilo. Kome wengi wa mito huzaa kwa ujanja ambao ukiusikia mara ya kwanza unadhani mtu anakutania. Mama hulea mayai ndani ya matamvua yake, kisha huwatema viluwiluwi ambao lazima wapate samaki. Wenye vigamba viwili huwa kama mtego wa panya: wakiguswa na pezi au tamvua la samaki, pap! wanabana, ngozi ya samaki inawafunika, wanakaa humo siku au wiki hadi wabadilike kuwa kome wadogo na kudondoka mahali papya. Hiyo ndiyo safari pekee ndefu ya maisha yao. Baadhi ya kome wa Afrika hutumia kiluwiluwi cha aina nyingine, chenye uzi mrefu sana unaoelea majini kumnasa samaki. Mtafiti Geoffrey Fryer alikieleza mwaka 1961 kwa kutumia kome wa Ziwa Viktoria.

Maabara wanapotaka kujua kama viluwiluwi wa aina ya mtego ni wazima, huwatilia tone la maji ya chumvi kali. Aliye hai hubana papo hapo. Aliyekufa hubaki wazi. Chumvi ndiyo inayoulizwa kama kuna uhai, kwa sababu hakuna kinachomshtua mtoto wa kome kama chumvi. Na mtoto aliyebana magamba mtoni kwa kushtushwa na chumvi amekwisha fyatua mtego wake bila samaki. Hakufa kwa kuonekana. Amekosa gari tu. Ukipita mtoni mwaka huo utaona kome wakubwa wapo, wazima, na utaandika kwenye ripoti kwamba hali ni nzuri. Miaka 15 baadaye wazee wale wanakufa kwa uzee na hakuna kijana nyuma yao. Mto wa namna hiyo unafanana na kijiji chenye babu na bibi peke yao.

Kigoma ina haki ya pekee ya kulizungumza jambo hili. Kome wa Ziwa Tanganyika wamo kwenye vitabu vya sayansi tangu siku ya kwanza wageni wa Ulaya walipolifikia ziwa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, Speke akaokota magamba ufukweni, na mwaka uliofuata Samuel Woodward huko London akayapa majina: kome mmoja akaitwa kwa jina la Burton, mwingine kwa jina la Speke. (Wenyeji waliowaonyesha ufukwe hawakupewa hata konokono.) Magamba ya ziwa hili, hasa ya konokono wake, yalifanana na ya baharini kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mtafiti Mwingereza, J. E. S. Moore, alikuja mara mbili akiamini ziwa liliwahi kuungana na bahari. Alikosea. Ziwa lina mamilioni ya miaka, na viumbe wake wamejichonga humuhumu ndani. Ila hisia yake kwamba maji haya yana kitu cha kibahari haikuwa ya kipuuzi kabisa, na nitairudia.

Upande wa pili wa haki yetu ni Uvinza. Wanaosafiri kwa treni wanaijua kwa macho: treni ikisimama, akina mama wanainua viroba vya chumvi hadi dirishani, bei inatajwa, mkono unashuka na noti, kiroba kinapanda. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, pale Mto Ruchugi unapoukaribia mto mkubwa wa Malagarasi, zimechemshwa kwa muda mrefu kupita falme nyingi za eneo hili. John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale mwaka 1967 wakakuta vigae vya vyungu vya karne ya 5 au ya 6. Wavinza walitoza ushuru, watu wa mbali walikuja kiangazi kupiga kambi na kuchemsha, chumvi ikaenda Burundi, ikaenda Unyamwezi, ikavuka ziwa. Wajerumani wakajenga kiwanda. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914 na chumvi ikapata behewa. Mpaka leo chumvi hiyo inatulisha, na mimi kijiko changu cha Jumapili kilitoka kwenye kiroba cha dirishani.

Kwa hiyo simtafuti mchawi Uvinza. Mwenye kudhani anaandika makala ya kufunga kiwanda asome kwingine. Chemchemi zile zilikuwa zinavuja mtoni kabla ya mtu wa kwanza kuweka chungu motoni, na Ruchugi umekuwa na munyu wake wa asili maelfu ya miaka. Ninachokiona Uvinza ni maabara tuliyopewa bure. Mto mmoja, juu yake kuna maji mepesi, chini yake kuna maji yaliyoguswa na chumvi, na kote mna tope, samaki na jua lilelile. Nchi zilizoendelea hulipa pesa nyingi kujenga kitu cha namna hiyo kwa mabomba na matangi.

Na tunaihitaji maabara hiyo kwa sababu viwango vya kuazima vitatudanganya. Marekani mwaka 1988 iliweka kloraidi miligramu 230 kwa lita kama ukomo wa muda mrefu kwa viumbe wa majini, na 860 kwa muda mfupi. Kanada mwaka 2011 ikaweka 120 na 640. Nchi mbili jirani, mnyama wa aina moja, na moja imekata nusu ya mwenzake. Hata hiyo 120 ya Kanada haiwatoshi viluwiluwi wa Lampsilis fasciola niliowataja. Viwango hivyo vilipangwa kwa wanyama wa kule na kwa chumvi ya kule, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kumwaga barabarani kuyeyusha barafu. Sisi hatuna barafu.

Ladha ya maji pia haitoshi kusema ni chumvi gani. Sodiamu na kloraidi ndizo zinazoonjwa, lakini kwa kome iliyo kali zaidi ni potasiamu. Ni sumu yake kiasi kwamba mwaka 2006 jimbo la Virginia lilipotaka kuwaua kome wavamizi kwenye bwawa la machimbo ya zamani lilitumia kloraidi ya potasiamu, samaki wakabaki wakiogelea. Mwaka 1973 Marc Imlay wa Marekani alionyesha kwamba miligramu 11 tu za potasiamu kwa lita ziliwamaliza karibu kome wote aliowajaribu ndani ya wiki tano hadi saba na nusu. Kumi na moja! Weka hiyo kwenye ndoo ya lita 20: ni gramu 0.22, kitu cha kushika kwa ncha ya kisu.

Hapa ndipo ziwa letu linapomwaibisha mwenye kunakili. Maji ya Tanganyika yana potasiamu kama miligramu 35 kwa lita. Mara tatu ya ile iliyoua kome wa Imlay. Na chini ya maji hayo, hapo Katonga ukitembea kwa miguu mitupu, kome wanakukata nyayo. Wako hai tele.

Wanawezaje? Ziwa hili ni sufuria isiyo na mfuniko. Maji yanayoingia kwa mito na mvua, sehemu kubwa mno hutoka kwa kupanda hewani. Mto Lukuga upande wa Kongo huchukua kidogo tu. Mvuke hauchukui chumvi. Mto Ruzizi nao unaleta kutoka Ziwa Kivu mzigo mkubwa wa madini ya volkano kuliko mto mwingine wowote unaoingia. Basi chumvi zimejikusanya polepole, karne kwa karne: sodiamu kama miligramu 60, magnesi zaidi ya 40, potasiamu 35, kloraidi kama 27. Kalisi, ambayo kome huihitaji kujengea gamba na ambayo hupunguza ukali wa chumvi nyingine, ni 10 hivi tu. Ni mchanganyiko wa ajabu. Kome wa humu wameuzoea kwa vizazi visivyohesabika, na huenda sodiamu nyingi iliyomo nayo inapunguza makali ya potasiamu. Moore hakuiona bahari aliyokuwa akiitafuta, lakini kuna uchumvi wa ziwa hili ambao mnyama anausikia hata kama wewe unakunywa kikombe kizima na kuomba kingine.

Ukiishia hapo utasema: basi kome wetu ni sugu, tulale. Ndilo kosa ninaloliogopa zaidi. Kome wa ziwani si kome wa Malagarasi. Mto unaopita kwenye mabwawa na matete ya Moyowosi, eneo lililotangazwa mwaka 2000 kuwa la kwanza la Ramsar nchini, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, ni maji mepesi kuliko ya ziwa. Anayeishi humo amezoea uhaba. Mzoefu wa uhaba na mzoefu wa shibe hawapimwi kwa mzani mmoja, hata kama magamba yao yanafanana mezani. Na katika maji mepesi, yenye kalisi chache, chumvi ileile huuma zaidi. Vipimo vya Kanada vilionyesha viluwiluwi wakivumilia kloraidi nyingi zaidi kwenye maji magumu ya mtoni kuliko kwenye maji laini ya maabara.

Chumvi mpya ya Malagarasi haitatokea Uvinza peke yake. Sehemu ya maji ya mto huu inatoka Tabora, kwenye Urambo na Kaliua, nchi ya tumbaku. Mfuko wa mbolea ya tumbaku huandikwa 10:18:24, na mkulima yeyote atakutajia namba hizo kama anavyotaja namba ya simu. Hiyo 24 ya mwisho ni asilimia ya potashi, yaani potasiamu iliyoungana na oksijeni. Katika mfuko wa kilo 50 mna kilo 10 hivi za potasiamu halisi. Nyingi huchukuliwa na jani, na udongo wa mfinyanzi hushika nyingine. Si haki kusema yote huishia mtoni. Ila kilo 10 zikiyeyuka zinatosha kufikisha lita laki tisa za maji safi kwenye ile 11 ya Imlay, nasi tunazungumzia mifuko kwa malori. Juu yake weka majivu: ya kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, ya mashamba mapya yanayochomwa, ya moto wa miombo wa Agosti. Majivu ni potasiamu. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya kemia, walipochuja majivu ya matete na migomba kupata magadi ya kupikia maharage na kutengenezea sabuni. Mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba ikipiga nchi iliyoungua, maji ya rangi ya chai yanayoshuka ni magadi mepesi. Yanapita siku mbili tatu. Hakuna mtu anayeyaonja, kwa sababu nani anywe maji ya rangi hiyo?

Halafu kuna kiangazi chenyewe. Chumvi ya mto ni mgawanyo: kilichoyeyuka, gawanya kwa maji yaliyopo. Mto ukikatwa juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga au mabwawa ya mifugo, huhitaji kuongeza hata punje ya chumvi ili huko chini maji yawe na chumvi zaidi. Ulaya ilijifunza hili kwa uchungu mwaka 2022 kwenye Mto Oder, kati ya Poland na Ujerumani. Chumvi ya migodi ilikuwa ikimwagwa humo miaka yote, kwa vibali. Kiangazi kile mto ukapungua, joto likapanda, chumvi ikakolea, na mwani mmoja wa dhahabu ambaye asili yake ni maji yenye chumvichumvi akastawi na kutoa sumu. Mamia ya tani za samaki waliokufa zikaopolewa kwa nyavu. Kome walikufa kwa mamilioni, na hao hakuna aliyewaokota, wakaozea chini. Samaki wa Oder wameanza kurudi kutoka vijito vya pembeni. Kome hana kijito cha kukimbilia, na kurudi kwake kunasubiri samaki ambaye atakubali kumbeba mtoto.

Nimeshaulizwa, na ofisa mmoja mwenye heshima zake, “Sasa ndugu, hao kome wanaliwa?” Huku kwetu haliwi sana, ni kweli, tuna dagaa, tuna migebuka, nani ahangaike na nyama inayotafunwa kama mpira. Lakini hata kipimajoto hakiliwi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazungumzia akiba ya maji kwa mahitaji ya watu na ya viumbe wa mtoni, kwa wingi na kwa ubora. Wingi tunaubishania kila kiangazi. Ubora tunauachia ulimi na kemikali mbili tatu za chupa moja iliyochotwa siku moja, mchana, gari lilipopata mafuta. Kome anachota usiku na mchana, na hahitaji posho.

Si mzaha. Warsaw, jiji lenye watu zaidi ya milioni moja, mtambo wake mmoja wa maji una kome wanane waliobandikwa vihisio kwenye magamba. Wakiwa wazi, maji yanaingia. Kadhaa wakifunga kwa pamoja, kengele inalia na watu wanakimbilia maabara. Minneapolis kule Marekani nao wana kome wa namna hiyo. Sisi hatuhitaji kuanzia kwenye kengele.

Tunahitaji matenga. Tenga la waya lenye mfuniko, kama lile la kusafirishia kuku, lenye mchanga wa mtoni ndani yake na kome 20 waliookotwa sehemu moja, kila mmoja amekwanguliwa namba kwenye gamba na kupimwa urefu. Tenga moja juu ya Ruchugi, kabla ya chemchemi. La pili chini ya chemchemi. La tatu Malagarasi baada ya mito kukutana, la nne karibu na Ilagala kabla maji hayajaingia ziwani. Mvuvi mmoja kwa kila tenga, anayelipwa kwa mwezi, afungue kila Ijumaa, ahesabu walio hai, achovye kipimo cha umeme wa maji, kinachoonyesha wingi wa chumvi, na kuandika namba kwenye daftari. Chupa ya potasiamu na kalisi mara moja kwa mwezi, na kila siku kwa wiki moja mvua za kwanza zikianza. Kituo cha utafiti wa uvuvi kipo Kigoma. Ofisi ya bonde la maji ipo Kigoma. Wavuvi ndio usiseme.

Mvuvi wa Ilagala niliyemwonyesha mchoro wa tenga aliigeuza karatasi huku na huku, akauliza kitu ambacho mimi sikukifikiria: “Mzee, tutafunga na nini? Kamba mamba anaikata.” Tukakubaliana nyaya za nondo, na mti wa mkole ulioinamia maji upande wa juu wa kivuko cha zamani. Akasema tuanze Agosti, maji yakiwa yameshuka na kabla watu hawajachoma.